Tutunze Majiko ya Kuchomea Nyama Wakati wa Masika



Vijijini kwetu wako wenzetu wengi wanaochoma nyama, samaki na mahindi kando ya barabara na kwenye magulio. Wengi wanatumia jiko la pipa lililokatwa nusu, mkaa chini na wavu juu. Jiko hilo hukaa nje. Kiangazi halina taabu kubwa. Lakini masika yakianza, kati ya Machi na Mei, ukiliacha siku chache tu unakuta wavu umeota manyoya meupe au ya kijani. Huo ni ukungu. Mteja akiuona harudi tena, na chakula chaweza kumdhuru.

Leo tujifunze ukungu unatoka wapi, na namna ya kuuzuia.

UKUNGU UNATAKA NINI?

Ukungu ni kiumbe hai, jamaa yake uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo zinapeperuka hewani kila mahali. Hatuwezi kuzimaliza. Lakini sisi wakulima tunajua kwamba mbegu haioti bila maji, wala haistawi bila rutuba. Ukungu nao ni hivyo hivyo. Unataka unyevu na unataka chakula. Chuma si chakula chake. Chakula chake ni mafuta na mabaki ya nyama yaliyoganda kwenye wavu.

Majivu nayo yana hatari yake. Yananyonya maji na kukaa nayo muda mrefu. Tena yana chumvichumvi, ndiyo maana wazee wetu waliyachuja wakapata magadi ya kupikia. Chumvi hiyo ikikutana na unyevu huleta kutu, na pipa linatoboka mapema.

TUFANYE NINI?

1. Tukimaliza kuchoma, tuuache wavu juu ya moto mpaka mafuta yaungue. Kisha tuukwangue kwa brashi ya waya. Tuangalie vizuri, kipande cha waya kisibaki kikaingia kwenye nyama.

2. Majivu yakishapoa kabisa, tuyazoe yote. Tusiyaache mpaka kesho kutwa.

3. Tutoboe matundu machache chini ya pipa ili maji yatoke.

4. Tufunike jiko kwa bati lililoinama, tukiacha nafasi ya hewa kupita. Tusilifunge kwa nailoni. Jiko likifungwa hivyo hutoa jasho ndani, na ukungu unafurahi.

5. Gunia la mkaa tuliweke juu ya chaga, chini ya paa.

Je, ukungu ukishaingia? Tuwashe mkaa wa kutosha, moto uwake kwa nguvu kama dakika 30 bila chakula. Tusimame upande upepo unakotoka, tusivute moshi ule. Jiko likipoa, tukwangue wavu, tuuoshe kwa maji ya moto na sabuni, halafu tuukaushe juu ya moto. Tusisafishe kwa mafuta ya taa.

TAHADHARI MBILI

Kwanza: mvua ikinyesha, wengine huingiza jiko ndani likiwa na moto. Basi, hapo ndipo watu wanapopoteza maisha! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, haamki. Hata mkaa usiotoa moshi unaua. Jiko la mkaa libaki nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote.

Pili: tusidhani kwamba moto unasafisha kila chenye ukungu. Chuma kinasafishika. Mahindi na karanga hazisafishiki. Sumukuvu iliyomo haiishi kwa kuchoma wala kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Nafaka yenye ukungu tusile, tusiuze.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ukungu wa jikoni unahitaji vitu gani viwili?
2. Kwa nini tusifunge jiko kwa nailoni?
3. Kijijini kwenu, wachomaji wanafanya nini mvua inaponyesha? Mtawashauri nini?

Aliyesoma amsomee na jirani yake.