SOMO LA 31: TAA ZA TELA

Jua lilikuwa linakaribia kutua, na lori moja lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam likasimama Ilula, mahali panapouzwa nyanya na vitunguu kando ya barabara. Lori lile lilikuwa likikokota tela lililojaa magunia ya mchele. Mbele yao ulikuwapo mteremko wa Kitonga, wenye kona nyingi, ambao dereva mwenye mzigo hana budi kuushuka kwa gia ndogo na kwa breki. Dereva akawasha taa, akamtuma utingo wake aende nyuma kutazama. Yule kijana akatazama, kisha akarudi.

"Mzee," akasema, "taa nyekundu za tela zinawaka vizuri. Lakini ukikanyaga breki zinazimika, na indiketa zote mbili zinang'aa kidogo, kama makaa yanayokufa."

"Basi hatushuki," akajibu dereva.

"Lakini taa si zinawaka, Mzee? Na tajiri anangoja mzigo wake kesho asubuhi."

Dereva hakutaka kusikia habari ya tajiri. Mwenye gari anayefuata nyuma usiku halioni tela, huiona taa yake tu. Taa ikizidi kung'aa, hufahamu kwamba mwenzake wa mbele anapunguza mwendo, naye hupunguza. Tela hili lilikuwa likifanya kinyume: saa ile ile lipunguzapo mwendo, ndipo lilipopotea gizani. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva wake akishangaa kwa sekunde 2 tu, amekwisha kusogea mita 33 na zaidi kabla hajagusa breki.

Utingo alidhani kwamba balbu ndiyo mbovu. Akafungua taa ya kushoto, akaichomoa balbu, akatia nyingine mpya. Ilikataa kuingia, naye akaisukuma kwa nguvu hata ikaingia. Breki ilipokanyagwa, mambo yakawa yale yale. Ndipo dereva alipomwita aketi juu ya gurudumu la akiba, akamweleza jinsi umeme unavyokwenda.

Umeme wa gari hauendi kama maji yamwagikayo katika mfereji. Huenda kwa mzunguko, na usiporudi ulikotoka, hauendi kabisa. Hutoka katika ncha ya chanya ya betri, hupita katika fyuzi na swichi, hufuata waya mpaka kwenye taa, hupita katika uzi mwembamba ulio ndani ya balbu na kuupasha moto hata ung'ae, kisha lazima urudi katika ncha ya hasi. Kwa lori lenyewe njia ya kurudi ni rahisi, kwa kuwa ncha ile ya hasi imefungwa katika chesisi, na chuma chote cha lori ni njia. Tela halina betri. Nyaya zake zote hukutana na za lori katika plagi moja yenye meno saba, na mmojawapo ni wa kurudisha umeme wa taa zote. Mafundi huuita athi.

Katika matela mengi yaliyofungwa kwa utaratibu wa Ulaya, athi ni waya mweupe. Wa njano ni wa indiketa ya kushoto, wa kijani ni wa indiketa ya kulia, mwekundu ni wa breki, mweusi ni wa taa ya nyuma ya kushoto, na wa kahawia ni wa taa ya nyuma ya kulia. Lakini tela likiisha kutengenezwa njiani mara tatu nne, rangi hizo haziaminiki tena, maana kila fundi hufunga waya aliokuwa nao mkononi.

Sasa, athi ikikatika, umeme hautulii. Hutafuta njia nyingine ya kurudi. Ukiwa umewasha taa za nyuma tu, umeme wake huweza kurudi kwa kupita kinyume katika nyuzi za breki na za indiketa, mpaka kwenye balbu za lori na kufika kwenye chesisi yake. Njia hiyo ni pana kwa taa ndogo, nazo huwaka karibu kama kawaida. Ndiyo sababu watu wengi hudanganyika. Lakini breki ikikanyagwa, umeme mwingi huingia kwa mlango ambao taa za nyuma zilikuwa zikiutumia kutokea. Taa za nyuma hukosa pa kupitisha umeme wake, huzimika, na indiketa huangazwa na umeme upitao humo kwa bahati mbaya.

Yule mzee alikuwa ametambua hayo tangu aliposikia habari ya indiketa. Balbu iliyoungua huzima mahali pamoja tu. Taa za upande mmoja zikizimika, waya wa upande ule hushukiwa. Lakini taa zikichanganya kazi zao, hii ikiwaka mahali pa ile, athi ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alikuwa na taa ya kupimia, yaani balbu ya volti 24 yenye nyaya mbili. Akashikiza waya mmoja katika chuma kisafi cha lori, na kwa wa pili akagusa matundu ya soketi, utingo akiwasha taa na indiketa na kukanyaga breki kwa zamu. Balbu ikawaka kila ilipopasa. Basi lori lilikuwa zima, na fyuzi zake pia. Akairudisha plagi, akachukua waya mrefu, akakwangua kutu katika chesisi ya tela kwa msasa, akaunganisha chuma cha lori na chuma cha tela. "Kanyaga!" Taa za breki zikawaka kwa nguvu, na indiketa zikatulia kimya.

Ndani ya plagi waya mweupe ulikuwa umeliwa na maji ya mvua, umegeuka kijani, umekatika kwenye skrubu yake. Asubuhi taa zilionekana nzima, huenda kwa sababu ndoano ya tela ilikuwa ikigusa vema na kuurudisha umeme. Lakini grisi na mtikisiko wa njia haviwezi kutegemewa. Dereva akakata sehemu iliyooza, akauchuna waya mpaka shaba nyekundu ikaonekana, akaukaza.

Taa ya kulia ikawa sawa. Ya kushoto ilikuwa kali mno hata kabla breki haijakanyagwa, na ilipokanyagwa haikuzidi ila kidogo sana. Utingo akainamisha kichwa. Balbu ya namna ile ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya nyuma, na mmoja wa wati 21 kwa breki. Kando yake mna vijino viwili visivyolingana kimo, ili isiingie ila kwa njia moja. Naye alikuwa ameishindilia kinyume. Akaichomoa, akaigeuza, ikaingia bila nguvu.

Walishuka Kitonga saa mbili usiku, na mabasi mawili nyuma yao.

MASWALI

1. Kwa nini kubadili balbu hakukusaidia kitu?
2. Taa mbili za breki ni za wati 21 kila moja, na betri ni za volti 24. Gawanya wati kwa volti. Zinavuta ampea ngapi?
3. Mtu aliyekosa fyuzi akaweka karatasi ya bati ya pakiti ya sigara. Waya ukichunika na kugusa chuma, kutatokea nini?