Abiria Wasubiri Kwanza

Leo nimeweka pembeni barua za wachumba na za wapangaji, kwa sababu kuna barua kutoka Igogwe, kule Rungwe, ambayo jibu lake likichelewa linaweza kuleta msiba. Mwandishi ni kijana ambaye yeye na kaka yake wamejiundia gari nyuma ya nyumba yao. Walianza na chesisi na bodi ya Land Rover 109 iliyokuwa imelala kwenye majani miaka mingi, wakaitia injini ya Toyota 22R iliyotoka kwenye Hilux. Gia boksi ni lile lile la zamani. Gari linawaka na linatembea. Sasa anauliza mbona linakohoa na kutoa moshi mweusi likipanda mlima, mbona kila fundi anasema lake, na mwisho kabisa, kwenye mstari mdogo chini ya sahihi yake, anasema mama yao anataka waanze kubeba viazi na watu wa kijijini kwenda Kiwira. Je, waanze?

Hongera, mdogo wangu, tena ya dhati. Kazi mliyoifanya ina ukoo mkubwa duniani. Marekani kuna watu mpaka leo wanachukua Ford za mwaka 1932, wanazitia injini yenye nguvu zaidi na kuziendesha barabarani kwa fahari. Hapa kwetu, mwaka 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua Dar es Salaam gari la umeme aliloliunda. Na Oktoba 2024 Land Rover za kila umri zilimiminika Arusha kwa tamasha lao. Kwa hiyo asitokee mtu akakuambia unachezea vyuma chakavu.

Lakini swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Abiria bado. Viazi pia bado. Gari la kiwandani lilijaribiwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo kabla halijauzwa. La kwenu wajaribuji ni ninyi wawili, na jaribio halijaisha kwa sababu tu injini imewaka.

Tuongelee breki, maana barua yako ya kurasa tatu haijazitaja hata mara moja. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuwa kwenye Land Rover za aina hiyo ilikuwa na nguvu za farasi sabini na kitu. Hiyo 22R inakaribia mia. Mmeongeza mwendo, ila ngoma za breki ni zile zile zilizotengenezwa kwa gari la polepole. Halafu Land Rover nyingi za zamani zina mfumo mmoja tu wa breki: masta silinda moja, bomba moja linalogawanyika kwenda magurudumu yote manne. Bomba likipasuka popote, pedali inazama mpaka chini na hakuna gurudumu linalosalia. Kama yako ni ya hivyo, hela ya kwanza mtakayoipata iende kwenye masta silinda ya njia mbili, ili mbele ikifa nyuma ibaki. Taa za urembo na ekzosi ya kelele zisubiri.

Na mafuta ya breki. Haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na ninyi mnaishi kwenye moja ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Sasa fikiria mteremko wa kutoka Isyonje kuja Kiwira, mguu uko kwenye pedali, ngoma zimepata moto. Mafuta yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyezeka: unakanyaga, pedali inakwenda, gari halisimami. Badilisheni yote, mtoe hewa gurudumu moja moja, na kila baada ya miaka miwili mrudie. Chupa iliyokaa wazi dukani msiinunue. Na msikubali mtu awatilie oili ya injini, hata kidogo tu ya kufikia gereji, kwa sababu oili inavimbisha mipira ya masta silinda na wili silinda, na baada ya hapo hakuna kinachoaminika.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka, mmoja wenu akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nzima. Ikizama taratibu, gari lirudi kivulini. Mkishuka mteremko mrefu, shukeni kwa gia ile ile ambayo mngeipandia, msishuke kwa fri hata kama petroli imepanda bei. Kisha mkifika chini simameni pembeni, msogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Yote manne yawe na joto linalokaribiana. Gurudumu lililo baridi halifungi, na lenye moto kuliko wenzake linajishika lenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya gari kuvuta upande mkikanyaga, na wala haihitaji kompyuta kuigundua.

Baada ya breki ni nati. Gari lililofunguliwa lote na kufungwa upya huwa linajilegeza lenyewe wiki za mwanzo, hasa kwenye barabara za mawe na makorongo kama za huko juu. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilometa hamsini za kwanza, kisha zikaguliwe kila safari mpaka zitulie. Zifuatie bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, za stiringi, za propela, na za mauntingi ya injini. Kuna mbinu ninayoipenda sana kwa urahisi wake: mkishakaza nati vizuri, chukueni rangi nyeupe na brashi nyembamba, mchore mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukionekana umekatika, nati imezunguka. Mnaweza kukagua gari zima kwa tochi kabla chai haijaiva, bila kushika spana.

Mauntingi yenyewe myatazame kwa jicho kali. Mmesema mlichomelea vishikio vipya kwenye chesisi ili injini ya Toyota ikae. Sugueni tope na rangi pale kwenye mchomeleo, mtafute ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, usiuzibe kwa kuchomelea juu yake. Usagwe wote utoke, uchomelewe upya na mtu anayeijua kazi, na sababu yake itafutwe. Mara nyingi ni injini kukaa na pembe mbaya, propela ikatetemeka na kutetemesha kila kitu.

Sasa moshi mweusi. Hapa mafundi wenu wamewachanganya, ingawa nadhani kila mmoja ameona kipande cha ukweli.

Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 2,000, hewa ina uzito wa kama asilimia 82 tu ya hewa ya usawa wa bahari. Kabureta halijui hilo. Kama Hilux hiyo iliishi Dar es Salaam, kabureta lake limepangwa kwa hewa ya Dar, na huko kwenu linamwaga petroli ileile kwa hewa pungufu. Petroli ya ziada haiungui yote, inatoka kama moshi mweusi na harufu kali, injini inakohoa, na plagi zinajaa masizi. Fundi aliyesema plagi zimekufa ameona matokeo. Fundi aliyezungusha skrubu ya mchanganyiko alifanya kitu kinachosaidia silensa tu, yaani injini inaponguruma bila kukanyagwa. Gari likipanda mlima huku mmekanyaga, petroli inapita kwenye jeti kubwa, na skrubu ile haina la kusema hapo.

Anzeni na vya bure. Toeni chujio la hewa, maana likiziba kwa vumbi linaleta moshi uleule. Hakikisheni choki inafunguka yote injini ikipata moto. Angalieni kiwango cha petroli ndani ya chemba ya kabureta, kwa sababu boya likiwa juu mno petroli inafurika. Vikiwa sawa vyote na moshi bado upo, ndipo mtafute jeti iliyo ndogo kwa hatua moja. Hatua moja, msiruke mbili.

Kisha someni plagi. Pandeni mlima kwa gia ya tatu, mguu ukiwa umekanyaga kweli, mkifika mahali tambarare zimeni injini papo hapo bila kuiacha ingurume, wekeni mawe kwenye magurudumu, mngoje ipoe kidogo, mfungue plagi zote nne na kuzipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Ncha nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu, na hilo jeti haliliponyi. Nyeupe kabisa ni petroli kidogo mno, na hiyo ni hatari kuliko moshi kwa sababu inaweza kutoboa pistoni. Mnayoitaka ni rangi ya chai ya maziwa, kwa zote nne. Moja ikitofautiana na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo, si kwenye kabureta. Mkizirudisha, mwanya uwe karibu milimita 0.8.

Jeti mlizotoa msizitupe. Wekeni kwenye kikopo chenye kifuniko ndani ya gari. Siku mtakayoteremka mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mtakuwa kwenye mita mia tano hivi, hewa ni nzito, na injini iliyopangwa kwa Igogwe itakosa petroli. Mkisikia inagonga ikipanda au joto linapanda bila sababu, punguzeni mguu na mrudishe jeti ya zamani. Na mkubali jambo hili: hata mkipanga kila kitu sawasawa, huko juu injini hiyo haitatoa nguvu yake yote, kwa sababu hewa haipo. Shusheni gia mapema, msiilazimishe.

Jambo moja nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeliona kwenye magari mengi. Mmeandika kwamba mlitoa thermostati ili injini isichemke. Irudisheni. Kuitoa kungevumilika Dar, lakini kwa baridi ya Rungwe ya Juni na Julai injini isiyo na thermostati haipati moto wake kabisa. Petroli inashuka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, maji ya mvuke yanakusanyika kwenye oili mpaka inakuwa rangi ya maziwa chini ya kifuniko, na ringi zinakwisha. Kama injini inachemka, tafuteni kinachoichemsha: rejeta lililoziba, mkanda uliolegea, au mfuniko wa rejeta uliochoka. Mfuniko huo ni muhimu kwenu kuliko kwa mtu wa pwani, maana kwenye mita 2,000 maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi joto 93 hivi.

Mvua nayo. Kofia ya distributa ikipata unyevu, gari halitawaka asubuhi hata kwa kusukumwa. Ikausheni kwa kitambaa safi ndani na nje, mwangalie kama ina mstari mweusi wa ufa, na waya za plagi zisiguse chuma. Nalisema hili kwa sababu nyingine pia: kijijini, gari linalowaka ndilo linaloitwa usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu na Hospitali ya Igogwe inatakiwa ifikiwe. Mtaitwa, mkitaka msitake.

Chini ya gari, bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu lakini chesisi ni chuma, na inaoza kuanzia ndani. Zibueni matundu ya kutolea maji kwa waya, mwoshe tope kila wiki ya mvua.

Kuhusu mafundi kusema kila mmoja lake, nunueni daftari. Gari lenu halina kitabu kwa sababu hakuna lingine kama hilo, basi kitabu mkiandike ninyi. Tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, namba ya jeti, rangi ya plagi, gurudumu lililopata moto, oili iliyoongezwa. Na sheria yake ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha jeti, plagi na taimingi siku moja na gari likapona, hamtajua dawa ilikuwa ipi, na likiugua tena mtaanza upya kwa hela mpya. Fundi akija, mpeni daftari asome kabla hajashika spana. Fundi mzuri atafurahi.

Makaratasi msiyaache. Namba ya injini iliyo kwenye kadi si iliyo ndani ya gari, kwa hiyo nendeni TRA wabadilishe, mkiwa na hati ya mlikoinunua injini. Bima ya mtu wa tatu ni lazima, na ni ninyi mnaoihitaji, si trafiki.

Mama yenu mwambieni dada amesema hivi: kwanza mwende wawili tu, Tukuyu na kurudi, kisha mpaka Ushirika, huku daftari likijaa. Breki zikiwa na joto sawa na mistari ya rangi haijakatika safari hadi safari, pakieni gunia tatu mjaribu tena mteremko. Gunia kumi za kilo mia ni tani nzima, msianzie hapo. Watu wawe wa mwisho, tena wakae kwenye viti vilivyofungwa kwa bolti, si juu ya viazi.

Na wewe, mdogo wangu, mkishabadilisha mafuta ya breki na kushuka Isyonje mara ya kwanza, niandikie uniambie ni gurudumu gani limepata moto.