Somo la Lugha: Kitenzi "Kata" Katika Vitabu vya Chama

Wakati wa mauzo ya alizeti huko Iramba, Mkalama au Ikungi, neno lisikikalo mara nyingi ghalani ni "kata". Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kuwa neno hilo ni "cut", akadhani amemaliza. Lakini Mwingereza hasemi "cut" anapokata rufaa wala anapokata tamaa. Kila lugha hupanua vitenzi vyake kwa njia yake, na katibu asiyepambanua maana hizo huweza kuandika jambo moja likasomwa jingine.

Maana ya asili ni kutenganisha kitu kwa makali: mkulima hukata vichwa vya alizeti. Kutokana na hiyo zimezaliwa nyingine, ambazo chama huzitumia kila siku:

1. Kupunguza. Fedha zinazoondolewa katika malipo ya mwanachama huitwa makato.

2. Kutoa hati. Karani akatapo stakabadhi hapunguzi kitu. Humpa mwanachama ushahidi wa mzigo wake.

3. Kuamua, na kupinga uamuzi. Kukata shauri hulimaliza jambo. Kukata rufaa hulifungua upya.

4. Kuondoa katika orodha. Jina lililokatwa halimo tena.

Hatari hutokea maana mbili zinapokutana. Muhtasari ukisema, "Wanachama 12 wakatwe," je, wapunguziwe malipo au waondolewe chamani?

Maana ya kupunguza ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Tuchukue mfano. Mwanachama ameleta kilo 400 za alizeti kwa shilingi 800 kila kilo. Thamani yake ni shilingi 320,000. Amepokea shilingi 255,000, na daftari linasema, "Amekatwa 65,000." Hesabu ni sahihi, lakini maelezo hayatoshi. Kumbe shilingi 45,000 ni mkopo wa mbegu, 8,000 ni ushuru wa chama, na 12,000 ni hisa. Mkopo ni deni lililopungua. Ushuru ni gharama ya kuendesha chama. Hisa bado ni mali yake. Neno "amekatwa" huzifunika zote tatu, naye hurudi nyumbani akiamini amepoteza hata kile alichojiwekea. Hapo manung'uniko huanza, ijapokuwa hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo yafaa kila kiasi kilichokatwa kiandikwe katika mstari wake, pamoja na sababu yake. Katika mihtasari, iandikwe "wapunguziwe malipo" au "wafutiwe uanachama". Kisha maelezo yasomwe kwa sauti kabla mwanachama hajatia sahihi au dole gumba, na anayefahamu zaidi Kinyaturu au Kinyiramba afafanuliwe kwa lugha hiyo. Ni haki yake kuuliza, "Nimekatwa nini, na kwa ajili ya nini?"

Maswali ya majadiliano:

(a) Katika daftari la chama chenu, je, hisa na mikopo huandikwa mbalimbali?

(b) Sentensi "Mkopo wake umekatwa" ina maana ngapi? Iandikeni upya ili ibaki na maana moja.