Ukiambiwa Katiba ya Marekani Inalinda AR-15: Namna ya Kuzisoma Hukumu

Kila yanapotokea mauaji ya halaiki nchini Marekani, swali lilelile huibuka: je, haki ya raia kumiliki silaha inafika hadi kwenye bunduki za mtindo wa kijeshi? Wanaojibu ndiyo na wanaojibu hapana wote huitaja Mahakama ya Juu kana kwamba imekwisha kuamua. Hadi kufikia Juni 2025 ilikuwa haijaamua. Kwa hiyo mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria au msomaji wa kawaida anayetaka kulifuata jambo hili bila kupotoshwa inambidi ajue mahali pa kutazama.

Tazama kwanza silaha yenyewe. AR-15 na M16 ya jeshi zina asili moja, ubunifu wa kampuni ya ArmaLite wa miaka ya 1950, na kwa macho hufanana sana. Tofauti kubwa iko ndani. M16 inaweza kutoa risasi kadhaa mfululizo kwa kuvuta triga mara moja. AR-15 inayouzwa kwa raia hutoa risasi moja kila triga inapovutwa. Bunduki za rashasha zimebanwa na sheria ya nchi nzima tangu 1934, na tangu 1986 zile mpya haziuzwi kwa raia. Basi anayedai kwamba Mmarekani yeyote huingia dukani akatoka na rashasha amekosea. Lakini anayedai kwamba AR-15 ni bunduki ya kuwindia kama nyingine yoyote naye anaficha jambo: ni nyepesi, risasi yake ina kasi kubwa, na magazini ya risasi 30 hubadilishwa kwa sekunde chache. Ukisikia jimbo fulani limezipiga marufuku, soma tafsiri iliyomo ndani ya sheria. Baadhi ya majimbo hutaja bunduki kwa majina. Mengine hutaja sifa, kama magazini inayochomoka au kitako kinachokunjwa.

Kisha nenda kwenye Katiba. Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791 ni sentensi moja tu, inayoanza na jeshi la mgambo na kuishia na haki ya watu kubeba silaha. Ni katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, mwaka 2008, ambapo majaji watano dhidi ya wanne walisema wazi kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata asiye mwanamgambo. Bishano lilihusu bastola ya kujilinda nyumbani. Miaka miwili baadaye, kesi ya McDonald dhidi ya Chicago ililazimisha majimbo na miji pia kuiheshimu haki hiyo.

Hapa usiharakishe, kwa sababu hukumu ya Heller, iliyoandikwa na Jaji Antonin Scalia, ndiyo chimbuko la ugomvi wote wa leo. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza, silaha zinazotumiwa kwa kawaida na raia kwa malengo halali zinalindwa. La pili, silaha zifaazo zaidi vitani, na M16 ikatajwa kwa jina, zinaweza kupigwa marufuku. Watetezi wa AR-15 hunukuu la kwanza na kusema: mamilioni ya raia wanazo, kwa hiyo ni za kawaida, kwa hiyo zinalindwa. Wapinzani hunukuu la pili na kusema: hii ni pacha wa M16, kwa hiyo iko nje ya ulinzi. Ukisoma makala ya upande wowote, tafuta nusu ambayo haikutajwa. Mwandishi mwaminifu huziweka zote mbili mezani.

Mimi naona kigezo cha silaha ya kawaida kinapwaya. Marekani ilikuwa na sheria ya nchi nzima iliyozuia uuzaji wa bunduki nyingi za aina hii kuanzia 1994 hadi 2004. Sheria ikaisha muda, Bunge halikuihuisha, na mauzo yakapanda sana. Kama mauzo ndiyo yanayozaa haki, maana ya Katiba itategemea Bunge liliwahi au lilichelewa kupitisha katazo. Sidhani kwamba haki ya msingi inapaswa kusimama juu ya hesabu za maduka.

Hata hivyo upande wa pili nao una pengo, na si haki kulifumbia macho. Bastola nayo hubebwa na askari, na huua watu wengi zaidi nchini Marekani kuliko bunduki ndefu za aina zote, lakini Heller iliilinda. Kwa hiyo anayejenga hoja juu ya idadi ya vifo pekee bado hajaijibu mahakama. Inambidi aeleze ni kwa nini silaha hii inatofautiana na bastola: jinsi inavyoweza kuangusha watu wengi kwa dakika chache, kama ilivyokuwa katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, walipouawa watoto 20 na watu wazima 6 waliokuwa wakiwahudumia.

Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen, mwaka 2022, kuna swali la ziada ambalo lazima uliulize: historia inasemaje? Serikali inayotetea katazo sasa inatakiwa kuonyesha kwamba linalingana na desturi ya zamani ya kudhibiti silaha nchini humo. Ndiyo maana majaji wa leo huchambua sheria za karne ya 19 kuhusu visu vya Bowie na za miaka ya 1920 kuhusu rashasha. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ililegeza kidogo: si lazima ipatikane sheria ya kale iliyo pacha wa hii mpya, inatosha msingi wake uwe uleule.

Chunguza pia ni swali gani hasa lililojibiwa. Juni 2024, katika kesi ya Cargill, Mahakama ilifuta katazo la kifaa kinachoifanya bunduki ya kawaida itoe risasi kwa kasi inayokaribia ya rashasha. Wengi waliipokea kama ushindi wa Marekebisho ya Pili. Haikuwa hivyo. Majaji walitafsiri tu maneno ya sheria iliyotungwa na Bunge, na Bunge linaweza kuyabadilisha.

Usichukulie vilevile kukataa kusikiliza kesi kuwa ni kuibariki sheria. Baada ya Sandy Hook, jimbo la Maryland lilipitisha katazo lake mwaka 2013. Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nne ililidumisha mwaka 2024, na tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kulipitia, katika kesi ya Snope dhidi ya Brown. Ili kesi isikilizwe zinahitajika kura za majaji wanne. Watatu, Thomas, Alito na Gorsuch, walitaka isikilizwe. Jaji Kavanaugh hakuungana nao, ila aliandika kwamba Mahakama inapaswa kulishughulikia suala hili karibuni. Katazo la Maryland likabaki na nguvu, na swali likabaki wazi.

Kwa Waswahili wanaoishi huko, jambo hili lina upande wa maisha ya kila siku. Wengi wametoka Kenya au Tanzania, ambako hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki, na silaha ni suala la kibali cha serikali. Huko Marekani jibu hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo: bunduki iliyonunuliwa kihalali Texas inaweza kukupeleka mahakamani Illinois, New York au California. Kabla ya kuhama, soma sheria ya jimbo uendalo na ya mji wenyewe. Na ukiwa na viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, sheria ya nchi nzima inakuzuia kuwa na silaha au risasi, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu yuko katika kundi jingine. Kosa la silaha linaweza kukugharimu kifungo na haki ya kubaki nchini, kwa hiyo muulize wakili wa uhamiaji kabla hujashika bunduki ya mtu, hata ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha.