Vitamini za Ndani ya Kopo, Ngozi na Nywele



Ukipita sokoni utaona makopo mengi ya mafuta ya kujipakaa. Juu ya kopo imechorwa picha ya karoti, au chungwa lililokatwa, au yai. Chini ya picha imeandikwa: Vitamini A, Vitamini C, Vitamini E. Mwenye kuuza anasema, «Mama, haya yanalisha ngozi.» Mama anaangalia mikono yake iliyokauka kwa kazi ya shamba. Halafu anafungua fundo la kitenge chake na kutoa pesa.

Je, mafuta hayo yanalisha ngozi kweli? Tunataka kuchunguza neno hilo katika somo hili, kwa sababu hapa hospitalini tunaona watu waliopoteza pesa zao kwa ajili ya makopo hayo, na wengine waliopoteza zaidi ya pesa.

Mtoto mwenye nywele nyekundu

Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja alifika na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Hakuja kwa ajili ya ugonjwa. Alikuja kutuuliza jina la pomadi iliyo nzuri zaidi. Alisema, «Nimempakaa hii ya vitamini kwa miezi miwili, lakini nywele zinazidi kuwa nyekundu, tena zinang'oka.»

Tulimweka mtoto juu ya meza. Nywele zake zilikuwa chache, laini, za rangi ya kutu. Tulipovuta kidogo zilitoka bila yeye kusikia maumivu. Tulibonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Ngozi ya mapaja ilikuwa na mabaka meusi, nayo ilibanduka kama rangi ya zamani ya ukuta. Mtoto hakulia wala hakucheka. Mama alikuwa amemtoa ziwa kwa sababu ya mimba nyingine, na tangu siku ile alikula ugali wa mihogo na mchuzi wa chumvi tu.

Ugonjwa huo watu wa Kivu wanauita bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka kwa mama wa Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana sasa. Munganga mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina lenyewe kama mama wale walivyolitaja. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Unaona kwamba mama wale walijua unatoka wapi.

Mama wetu hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Aliona alama ya ugonjwa kabla ya majirani kuiona. Alipeleka dawa mahali pasipofaa, basi. Alipakaa kichwa, na njaa ilikuwa ndani ya damu. Kama angekawia zaidi, angezika mtoto mwenye kichwa kinachong'aa kwa mafuta.

Mtoto alilala hospitalini. Alipewa maziwa ya dawa, kidogo kidogo, mchana na usiku. (Usijaribu kumjaza chakula kingi kwa mara moja mtoto wa namna hiyo, inaweza kumwua.) Baadaye alipewa uji wa soya, mayai na samaki wadogo waliotwangwa. Juma la tatu alicheka. Alipokuja tena baada ya miezi mitatu, kila unywele ulikuwa na rangi mbili: nyeusi karibu na ngozi, nyekundu kwenye ncha. Mama mwenyewe alituonyesha, naye alifurahi sana.

Unywele unaota namna gani?

Rangi mbili zile zinatufundisha jambo. Unywele unaouona ni kitu kilichokwisha kufa, kama ukucha. Ndiyo sababu ukiukata hausikii maumivu. Sehemu iliyo hai ni mzizi, nao umefichwa chini ya ngozi. Damu inauletea chakula, nao unasukuma unywele nje, karibu sentimeta moja kwa mwezi. Chakula kikiwa kizuri, unywele mzuri unatoka. Chakula kikiwa kibaya, unatoka mwembamba na wenye rangi nyingine. Sehemu iliyokwisha kutoka haiwezi kula tena. Pomadi inaweza kuilainisha na kuifanya ing'ae, lakini haiwezi kuilisha, hata ikiwa na vitamini zote za dunia.

Ngozi nayo inafanana na hiyo. Sehemu ya juu kabisa ni seli zilizokufa, zimepangwa kama majani ya paa la nyumba. Kazi yake ni kuzuia vitu vya nje visiingie na kuzuia maji ya mwili yasitoke. Ukimwaga chakula juu ya paa, watu waliomo ndani ya nyumba hawatashiba.

Ngozi ikikosa vitamini

Vitamini ni kitu kidogo sana kilicho ndani ya chakula. Mwili hauwezi kuishi vema bila kitu hicho. Mara nyingi ngozi inatoa habari ya kupungukiwa. Mtu akikosa vitamini A, ngozi inakauka na kuwa na vipele vigumu kama ngozi ya chura. Mtoto akiwa hivyo, tena akigongana na vitu wakati wa magaribi kwa sababu haoni, mlete upesi, maana macho yake yatakufa. Mtu akikosa vitamini B2, pembe za mdomo zinapasuka. Akikosa vitamini C kwa muda mrefu, fizi zinatoka damu na vidonda havifungi.

Habari ya pelagra inastahili kusimuliwa. Huu ni ugonjwa wa watu wanaokula mahindi karibu peke yake. Ngozi yao inakuwa nyeusi na ngumu pale jua linapopiga: mikononi, miguuni, na kuzunguka shingo kama ushanga. Baadaye wanaharisha, na akili inapotea. Zamani, katika majimbo ya kusini ya Marekani, maelfu waliugua hivyo. Watu wakafikiri ni ugonjwa wa kuambukizana. Mwaka 1914 munganga Joseph Goldberger alikwenda kwenye nyumba mbili za mayatima katika mji wa Jackson, Mississippi. Hakuleta mafuta ya kupakaa. Aliwapa watoto maziwa, mayai, maharagi na nyama, na pelagra ikaondoka karibu yote. Miaka mingi baadaye, mwaka 1937, Conrad Elvehjem aligundua kwamba kitu kilichokosekana ni vitamini ambayo leo tunaiita B3. Na vitamini hiyo hiyo sasa imo katika makopo ya mafuta ya uso kwa jina la niasinamidi! Ni kitu chema, lakini mwenye pelagra akijipakaa shingoni hatapona. Sharti aile.

Basi, iko wapi? B3 imo katika karanga, maharagi, samaki na nyama. Vitamini A ya ngozi imo katika mawese mekundu, lenga-lenga, sombe, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Rangi nyekundu ya mawese ndiyo mali yenyewe. Watu wengine wanayachoma motoni mpaka yanakuwa meupe, wakifikiri wanayasafisha. Wanachoma vitamini. Tia mawese mwishoni, na uyatie juu ya mboga, kwa maana mwili hauwezi kuchukua vitamini ya majani vema bila mafuta. Vitamini C imo katika mapera, machungwa na malimau, nawe uyale mabichi. Vitamini E imo katika karanga na katika mawese yale yale. Na nywele zenyewe zinajengwa kwa vyakula vya kujenga mwili: mayai, samaki wadogo, maharagi, soya. Usiuze mayai yote ya kuku wako sokoni, kisha ununue pomadi yenye picha ya yai.

Je, kopo halina kazi yoyote?

Hatutaki kusema uongo. Lina kazi, na vitamini nyingine zinasaidia juu ya ngozi zenyewe. Niasinamidi inaweza kupunguza madoa kidogo na kuzuia ngozi isikauke. Pantenoli, ya jamaa ya vitamini B5, inalainisha ngozi na nywele. Dawa za jamaa ya vitamini A zinaponya chunusi, na waganga wanaziandika kila siku. Lakini mwanamke mwenye mimba asizitumie hata kidogo. Vitamini C inasaidia ikiwa mpya. Shida yake ni kwamba inaharibika kwa hewa na mwanga. Chupa iliyosimama juani sokoni miezi sita, na mafuta yake yamekuwa ya rangi ya chai, haina kitu. Vitamini E husifiwa sana kwa kuondoa makovu, lakini walioijaribu kwa uangalifu hawakuona faida, na wengine walitoka vipele.

Geuza kopo, usome nyuma yake. Kwa kawaida vitu vinaandikwa kwa kufuata wingi wake. Mara nyingi cha kwanza ni maji, cha pili ni mafuta au gliserini, halafu majina marefu. Tokoferoli, ndiyo vitamini E, utaikuta mwishoni karibu na manukato. Mara nyingi imetiwa hapo ili mafuta yasichache, si kwa ajili yako. Unalipa bei ya vitamini, na unapata maji na mafuta. Kwa mikono iliyokauka, vazelini tupu au mafuta safi ya mbegu za ngazi yanatosha, ukijipakaa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na maji.

Kuna jambo lingine linalodanganya. Baada ya kuzaa, au baada ya homa kali, nywele nyingi zinaanguka mwezi wa pili au wa tatu. Mama anaogopa, ananunua pomadi ya vitamini. Miezi inapita, nywele zinarudi, naye anawaambia rafiki zake wote, «Pomadi hii ni ya ajabu!» Zingerudi bila pomadi, kwa kuwa mizizi haikufa. Lakini nywele za pembeni mwa uso zilizong'olewa na misuko ya kukaza haziponi kwa pomadi, na msuko ukiendelea miaka mingi hazirudi kamwe. Mwambie msusi alegeze. Msichana akilia wakati wa kusukwa, si deko. Na mabaka ya mapunye kichwani mwa mtoto yanahitaji dawa ya kumeza.

Makopo yanayoficha kitu

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mafuta mengine yanaandikwa «vitamini C» au «karoti» kwa herufi kubwa, na kazi yake ya kweli ni kuondoa weusi wa ngozi. Si vitamini inayofanya ngozi kuwa nyeupe kwa majuma mawili. Ni hidrokinoni, au zebaki, au klobetasoli. Tafuta majina yanayofanana na hayo katika maandiko ya Kifaransa. Wakati mwingine hayakuandikwa kabisa.

Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya rangi ya majivu usoni, nayo ni vigumu kuondoka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ilikatazwa katika mafuta ya kung'arisha ngozi tangu 2001. Zebaki inaingia mwilini na kuharibu mafigo, tena mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto. Kwa mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, mataifa yalipanga kwamba kufika 2020 mafuta ya namna hiyo yasitengenezwe tena wala kupelekwa nchi kwa nchi, lakini sokoni bado yanaonekana. Klobetasoli ni dawa kali ya waganga. Kwa muda mfupi, mahali padogo, inaponya magonjwa fulani ya ngozi. Ukijipakaa mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya Biblia, na inapasuka mistari mapajani na tumboni.

Wale wanaofanya kazi ya upasuaji wanaogopa ngozi hiyo. Mama anahitaji kupasuliwa ili mtoto atoke. Munganga anashona, lakini uzi unakata ngozi kama unakata ugali, na kidonda kinakaa wazi kwa majuma mengi. Ndiyo maana kabla ya upasuaji tunauliza, «Unajipakaa nini?» Dada, tujibu kweli. Hatuulizi ili kukuaibisha mbele ya mume wako wala mbele ya kanisa. Tunauliza ili tujue namna ya kushona.

Kama umejipakaa mafuta hayo mwili mzima kwa miezi mingi, usiyatupe kwa ghafula siku moja. Ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, na mwili unaweza kulegea. Njoo kwanza kwa munganga, akuonyeshe namna ya kupunguza.

Mwisho, angalia baka. Ukiona mahali pa ngozi pamepauka au pamekuwa pekundu, usikimbilie kopo. Funga macho, na mwenzako apaguse kwa upepeo wa unyoya wa kuku. Kama husikii kitu, huenda ni mwanzo wa ukoma. Ukoma unapona, na dawa zake zinatolewa bure. Lakini tumepokea watu waliofunika baka kwa mafuta ya vitamini miaka miwili, mitatu, mpaka vidole vikaanza kujikunja. Ukija na baka, ukija na mtoto mwenye nywele nyekundu, ukija na uso unaowaka, lete pia kopo lenyewe ndani ya mfuko wako, hata kama limekwisha, ili tusome pamoja maandiko ya nyuma.