Dondoo muhimu: Pipi za Idi

Idi ikifika, watoto hupita mlango kwa mlango kuomba mkono wa Idi. Waende kwa kundi, dada au kaka mkubwa akiwa nao. Wapokee barazani, wasiingie ndani.

Wilaya yetu ya Palma, Msumbiji, iliyoshambuliwa na waasi Machi 2021, imeona watoto wakitekwa. Mtu asiyejulikana akimwita mtoto pembeni kwa pipi, mtoto akimbie huku akipiga kelele. Mkumbushe hilo kila sikukuu, hata akichoka kulisikia.

Pipi zifike nyumbani kwanza. Zikague moja moja: yenye karatasi iliyochanika, tupa. Wa chini ya miaka 4 asipewe pipi ngumu, humkwama kooni.

Chuma kigeni njiani wasikiguse, hata king'ae: huenda ni kilipuzi.

Ukiona hatari, piga 116, simu ya kusaidia watoto Linha Fala Criança, ni bure.