SOMO: Kila kikundi na daftari yake



Wakati wa mavuno ya kahawa, siku moja iko na kazi nyingi: kupokea, kupima, kumenya, kuosha, kuanika, kulipa. Katika koperative moja tuliyotembelea, kazi zote zilikuwa zinaandikwa ndani ya daftari moja, na daftari ilikuwa kwa sekretere. Siku moja sekretere alienda kwenye kilio. Daftari ikabaki nyumbani kwake, mulango umefungwa. Wamemba walileta kahawa mbivu, lakini hakuna aliyejua zamu ya kumenya ni ya nani. Kahawa ikalala ndani ya mifuko. Asubuhi ilikuwa imeshika joto na inanuka, bei ikaanguka. Sekretere hakukosa kitu; kosa lilikuwa katika namna kazi ilipangwa.

Basi tufanye namna gani?

1. Tugawanye kazi kwa vikundi vidogo: mapokezi, mashine, meza za kuanika, feza. Kila kikundi kiwe na mukubwa na musaidizi wake, ili moja akikosekana kazi isisimame.

2. Kila kikundi kiandike ndani ya daftari yake tu. Watu wa feza wasiandike kitu ndani ya daftari ya mapokezi. Wakitaka kujua kilo, waulize kwa fishi. Hivi kosa likitokea, tunajua ni wapi pa kulitafuta.

3. Fishi zote zifanane: namba, tarehe, kazi, nani, mbele ya saa ngapi, na imefika wapi (haijaanza, inaendelea, imekwisha). Kwa mufano: «Fishi 14. Mapokezi kwa mashine. Kilo 300 za kahawa mbivu. Kumenya leo mbele ya usiku.» Mashine wakimaliza, wanaandika «imekwisha» na kutuma fishi kwa meza, na namba inabaki 14.

Faida iko wapi? Kilo 300 za kahawa mbivu zinatoa karibu kilo 60 za kahawa kavu yenye ganda. Kama kwa meza namba 14 imetoa kilo 40 tu, mutaona mara moja na mutauliza, mbele feza ya wamemba ipotee. Tena, mutu wa feza akigonjwa, kahawa inamenywa tu. Fishi ya malipo inamungojea.

Hata wale wanaotengeneza programu za telefone za kufuata kazi wanaweza kufanya vile. Kuliko programu moja kubwa, wanatengeneza vipande vidogo, kila kipande na daftari yake, na vyote vinatumiana ujumbe wenye kufanana. Kipande kimoja kikiharibika, vingine vinaweza kuendelea.

Lakini angalisho! Musigawanye kupita kiasi. Koperative ya wamemba 15 haihitaji daftari 4. Mutachoka na kuandika. Muanze na mbili, ya kahawa na ya feza. Kazi ikiongezeka, mutaongeza.

Ya kuzungumuza katika mukutano:
– Kwetu, ni kazi gani inasimama mutu moja akikosekana?
– Nani anaandika ndani ya daftari isiyo yake?
– Mufuko wa kahawa ya jana, tunaweza kujua sasa hivi umefika wapi?

Kama jibu la ulizo la mwisho ni «hapana», muanze na fishi kesho.